Sri Lanka na mama mwenye magoti: Agosti au Januari?

"Salaam. Mimi na mume wangu tunaishi Tanga, tumejibana miaka miwili sasa tunataka kwenda Sri Lanka siku kumi mwezi wa nane, na tunamchukua mama yangu, ana miaka 66, mzima ila magoti ndo yanamsumbua. Ajenti mmoja katutumia paketi: Negombo, Sigiriya, Trincomalee, Kandy, Ella, Yala, Mirissa, Galle, Colombo, yote hayo siku nane. Mume wangu kasoma mtandaoni kwamba Agosti ni masika huko, anasema tutakaa hotelini tunaangalia mvua. Mama yeye anataka kitu kimoja tu, auone mlima alioshukia Nabii Adam, anasema walifundishwa chuoni akiwa mdogo. Twende au tusogeze? Na chakula cha halali kipo?"

Waalaikum salaam dada yangu. Swali lako nimelisoma mara mbili kwa ajili ya ile sentensi ya bi mkubwa, maana mengine yote ni hoteli na magari, hiyo peke yake ndo sababu ya safari. Nitaifikia. Kwanza nikutoe kwenye mambo mawili ambayo naona yamewachanganya, mvua na udogo wa kisiwa.

Mvua. Mumeo kapatia nusu. Ni kweli Agosti kuna mvua Sri Lanka lakini sio Sri Lanka yote, na nyie watu wa Tanga mnaweza kulielewa hili kuliko mzungu yeyote kwa sababu upepo wenyewe ni huu huu wetu. Kusi inayovuma kwenu kuanzia mwezi wa nne wa tano haiishii hapo, inapanda, ikishavuka ikweta inapinda kuelekea kulia kwa ajili ya dunia kuzunguka, inakatiza bahari huku inabeba maji, halafu inatua Sri Lanka ikitokea kusini magharibi. Sasa katikati ya kisiwa kuna milima, mrefu kuliko yote una mita 2,524. Upepo ukigonga ile milima unalazimika kupanda, ukipanda unapoa, ukipoa unamwaga, kwa hiyo Colombo, Galle, Mirissa na ile miteremko ya magharibi ndo wanaloa. Ukishavuka mgongo wa milima unashuka mkavu kabisa, na upande wa mashariki mwezi huohuo wa nane jua kali, bahari imelala kama maji ya ndoo. Ukifika Desemba kaskazi inageuza mambo, mashariki na kaskazini wananyeshewa, kusini na magharibi kunatakata. Oktoba na Novemba ndo hapana mjanja, inanyesha kila upande.

Kwa hiyo hakuna kitu kinaitwa msimu mzuri wa Sri Lanka, kuna upande mzuri wa mwezi huo. Hata chai yao inafuata hivyohivyo, ya Uva huko mashariki ya milima ina ubora wake mkubwa kuanzia Julai mpaka Septemba upepo mkavu ukipita, ya Dimbula upande wa pili inasubiri Januari mpaka Machi. Majani ya chai yanajua mwezi kuliko ajenti wako.

La pili, udogo. Watu wanaangalia ramani wanasema aah kisiwa, tutakizunguka. Kina kilomita za mraba kama 65,600 hivi, mkoa wa Tabora peke yake unakizidi, na hapo ndipo watu wanapojidanganya kwa sababu ndani yake kuna watu karibu milioni 22 na barabara nyingi ni njia mbili zenye basi, bajaji, ng'ombe na mzee wa baiskeli wote kwa pamoja. Colombo mpaka Kandy ni kilomita kama 115 na unaweza kula masaa matatu, ukikuta foleni manne. Barabara kuu ya kulipia inayoshuka kusini ndo ina kasi, kwingine hesabu kilomita 35 au 40 kwa saa na usibishane na dereva. Hiyo paketi yenu ya sehemu tisa siku nane nimeipigia hesabu, kila siku mama atakuwa ndani ya gari masaa manne mpaka sita, na magoti hayapendi kukunjwa muda wote huo. Nimewahi kuongozana na kundi kwenye ratiba ya namna hiyo, siku ya tano mama mmoja wa umri wa bi mkubwa wako aligoma kabisa kushuka kwenye gari, akasema nileteeni picha. Hakuwa na hasira, alikuwa kachoka tu, na mimi aibu ile sijaisahau.

Kama lazima iwe Agosti basi, chana hiyo paketi na mbaki na nusu yake. Uwanja wa ndege uko Katunayake, karibu zaidi na Negombo kuliko Colombo, kwa hiyo usiku wa kwanza laleni Negombo mkapumzike. Kesho yake mnapanda kaskazini mpaka upande wa Sigiriya au Habarana, masaa kama manne, mnakaa usiku tatu sehemu moja bila kufunga mabegi. Halafu Trincomalee usiku tatu, pale fukwe ya Nilaveli, mwezi wa nane maji yametulia na mama anaweza kuingia mpaka magotini akawa anaongea na bahari yake, nyie mkichukua boti mpaka Pigeon Island mkaone matumbawe na papa wadogo wenye ncha nyeusi ambao hawana shida na mtu. Kurudi mnapitia Kandy usiku mbili, mnaliona Hekalu la Jino la Budha na ile bustani ya mimea ya Peradeniya, mnaondoka. Basi. Colombo mtaiona kwenye dirisha la ndege.

Mirissa na fukwe za kusini Agosti achaneni nazo. Bahari imechafuka, mkondo unavuta chini na watu wanazama, ukiona bendera nyekundu sio pambo. Nyangumi wa bluu wanaotangazwa Mirissa msimu wao ni Novemba mpaka Aprili. Yala nayo kwa Mtanzania sijui niseme nini, chui wapo na ni wengi kweli, lakini magari ya watalii yanapanga foleni kwa chui mmoja, na wewe Serengeti iko nyumbani. Ella ni pazuri, na Agosti kule ni kukavu, ila kuiongeza kwenye siku kumi ni lazima mtoe Trincomalee, na mimi kwa mtu mwenye magoti nachagua bahari.

Tembo je? Utaambiwa hifadhi ya Minneriya. Kuna bwawa pale lilichimbwa na mfalme Mahasena karne ya tatu, kiangazi maji yakirudi nyuma majani mabichi yanaota kwenye matope na tembo wanakusanyika kwa mamia mwezi wa nane na wa tisa, ni kitu cha kuona hata kwa mtu aliyekulia Mikumi, maana tembo wa kwao ni wengine, masikio madogo, mgongo umenyanyuka, na madume wengi hawana pembe. Ila tangu bwawa jipya la Moragahakanda lianze kazi, maji yanafunguliwa kuja Minneriya hata kiangazi, majani yanafunikwa na tembo wanahamia hifadhi ya jirani, Kaudulla. Usilipie hifadhi kwa jina ukiwa Tanga. Fika Habarana, uliza madereva wa jipu saa sita mchana tembo wako wapi leo, ndo ulipe.

Sigiriya ni jiwe limesimama peke yake kama mita 180 juu ya msitu, mfalme Kashyapa alimuua baba yake akaogopa ndugu yake wa baba mmoja atarudi kulipiza, akajenga ikulu juu kabisa, hiyo ni karne ya tano. Ngazi ni kama 1,200, sehemu nyingine za chuma zimening'inia ubavuni, mama asiende, na asishawishiwe na mtu atakayemwambia "polepole tu utafika" kwa sababu kupanda sio tatizo la magoti mabovu, kushuka ndo kunamaliza. Abaki chini na mmoja wenu, bustani za maji za mfalme ziko tambarare na kuna makumbusho. Anayepanda aende mlango ukifunguliwa asubuhi kabla jua halijawaka, na asipige kelele kwenye ile miamba, kuna nyigu pale wameshawahi kufungisha njia. Njiani utapita ukuta uliosuguliwa mpaka ukang'aa, umejaa mashairi waliyochora wageni tangu zaidi ya miaka elfu iliyopita, wengi wanawasifia wale wanawake waliochorwa juu ya mwamba. Yaani hii tabia ya mtu kufika mahali akaacha komenti haijaanza na simu. Kiingilio kwa mgeni kinazidi dola 30 na mwenyeji analipa kidogo sana, utakasirika, kisha utakumbuka bei za wazungu kwenye hifadhi zetu utanyamaza.

Kwa mama nampa Polonnaruwa. Mji mkuu wa kale wa karne ya 11 na 12, tambarare, gari linakusogeza toka magofu mpaka magofu, na pale Gal Vihara kuna Budha kalala kachongwa kwenye mwamba, urefu mita 14, ukisimama miguuni kwake unaona mchongaji alivyoupanga mguu mmoja nyuma kidogo ya mwenzake. Bebeni soksi. Sehemu takatifu lazima uvue viatu na saa saba mchana lile jiwe ni kikaango, watu wanaruka kama wamekanyaga makaa, mwenye soksi anatembea zake. Mabega na magoti yafunikwe, kwa mama wa Tanga mwenye mtandio hilo limeisha. Na msipige picha mkiwa mmempa Budha mgongo, kwao ni matusi kweli, sio utani.

Sasa mlima.

Wenyewe wanauita Sri Pada, mita 2,243, una umbo la pia iliyopinduliwa na juu kuna alama kama wayo mkubwa. Wabudha wanasema ni wa Budha, Wahindu wanasema Shiva, Waislamu na Wakristo wengi wanasema Adam. Qurani haikutaja mahali, ni riwaya, ila ni riwaya ya zamani sana na Sarandib ya hadithi za chuoni ndo hiyohiyo Sri Lanka. Ibn Battuta, yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, miaka kama kumi na tatu baadaye aliupanda akiwa anashikilia minyororo iliyopigiliwa kwenye mwamba. Kwa hiyo mama yako hajaota, anafuata njia iliyopitwa.

Habari mbaya ni kwamba Agosti mlima haupo. Upo lakini hauonekani. Uko upande ule unaopigwa na kusi, umefunikwa mawingu siku hata tano mfululizo, msimu wa kuhiji unaanza mwezi mpevu wa Desemba unaisha ule wa Mei, nje ya hapo taa za njiani zimezimwa na vibanda vya chai vimefungwa. Na kupanda ni ngazi kama 5,500, hilo kwa magoti yake tulitoe mezani hata iwe Januari. Naomba umwambie mapema, ukiwa nyumbani, msikae naye chini ya mlima ndo mkaanza kumkatalia.

Lakini hakusema kupanda. Kwa ulivyoandika, alisema kuuona. Hilo linawezekana vizuri sana, ila liwe kati ya Januari na Machi. Mnapanda treni Kandy mpaka Hatton, kama masaa mawili na nusu, matatu, milima ya chai dirishani muda wote, mnachukua gari mpaka kijiji cha Nallathanniya chini kabisa ya mlima, mnatafuta gesti yenye baraza inayoangalia juu. Usiku zile taa za njia zinawaka toka kijijini mpaka kileleni, unaona kama mtu kamwaga shanga kwenye giza, na kwa mbali mahujaji wanapanda, wazee wenye fimbo, watoto wamebebwa migongoni. Niliwahi kukaa na bibi mmoja kwenye baraza ya namna hiyo, tasbihi mkononi, hakulala mpaka alfajiri jua lilipokishika kilele, na hakutaka tuongee. Wewe na mumeo mkiwa na nguvu ondokeni saa nane usiku mfike juu kabla ya jua, mkaone kivuli cha mlima kinavyojichora pembetatu juu ya mawingu. Mama mwachieni sweta na chupa ya chai, kule juu usiku kuna baridi ya Lushoto.

Kwa hiyo ungeniuliza mimi ningesogeza Januari. Mtapoteza Trincomalee maana mwezi huo kaskazi bado inainyeshea, mtapata badala yake kusini: mkitoka milimani shukeni Galle, ngome ya Wareno iliyopanuliwa na Waholanzi, mtakumbuka Fort Jesus ila hii bado watu wanaishi ndani, kuna msikiti, mahakama, watoto wanacheza kriketi chini ya kuta. Fukwe za Unawatuna zitakuwa shwari. Sigiriya na Polonnaruwa mwezi huo zinaweza kupata mvua za hapa na pale, mchague moja au mziache. Najua likizo ndo tatizo, kama kazini hawawapi Januari na Agosti ndo pekee, nendeni Agosti kwa ule mpango wa mashariki na mtafurahi, ila mama aelewe mlima itabidi ausubiri. Mkisogeza angalieni kalenda, Ramadhani miaka hii inaangukia Februari, inazidi kurudi nyuma, na kufunga huku unasafiri milimani na mgonjwa wa magoti sio raha.

Jambo moja la treni. Mwishoni mwa Novemba 2025 kimbunga Ditwah kilileta mafuriko na maporomoko makubwa, milima iliumia sana na reli yake pia. Kabla ya kulipa chochote uliza kama treni inakwenda kipande mnachotaka, ajenti asikuuzie picha ya zamani. Na tiketi za viti vya kupangiwa zinaisha haraka, zikifunguliwa mnunue, msingoje kufika stesheni mkakuta watu wanauza kwa bei ya juu.

Chakula msihangaike. Karibu mtu mmoja kati ya kumi kule ni Muislamu, Kandy, Galle, Trincomalee na miji karibu yote kuna sehemu za kula za Waislamu, na wao kama sisi wanaita hoteli hata kibanda chenye meza nne. Jioni mtasikia kelele za vyuma tatatata barabarani, huyo ni mtu wa kottu, anakatakata chapati kwenye bati la moto kwa mapanga mawili pamoja na mayai, mboga na kuku. Asubuhi nazi wanaikuna wanaichanganya na pilipili na ndimu, mama atajiona yuko kwake, ila pilipili yao sio ya mchezo, sema mapema wapunguze. Siku ya mwezi mpevu, wanaiita poya, ni sikukuu kila mwezi na maduka mengi ya nyama yanafungwa, usishangae. Bustani za viungo ambazo dereva atawabembeleza mpitie pamoja na maduka ya vito, mwambieni asante, anapata kamisheni, na mdalasini na karafuu mmeviacha nyumbani.

La mwisho ni la afya na hili siwezi kulimaliza kwa maandishi. Mama aonane na daktari wake kabla hamjakata tiketi, amuulize kuhusu magoti, presha, na kukaa kwenye ndege muda mrefu, maana kwa kawaida mtapitia Dubai au Doha na ni safari ndefu. Kadi ya njano bebeni wote watatu, wanadai kwa anayetokea au aliyekaa zaidi ya masaa 12 uwanja wa nchi yenye homa ya manjano, na kwa mtu anayetokea Afrika afisa hataki maelezo anataka kadi, sindano ichomwe si chini ya siku kumi kabla, na kwa umri wa mama daktari ndo aamue kama anachomwa au anaandikiwa barua ya kusamehewa. Viza ombeni kwenye tovuti ya serikali yao yenyewe, zile zinazofanana nayo zinawatoza mara mbili.

Na homa. Sri Lanka ilithibitishwa haina malaria Septemba 2016, madaktari wao hawaioni mara kwa mara, kwa hiyo mmoja wenu akipata homa kule mwambieni daktari sentensi ya kwanza kabisa, tumetoka Tanzania, pimeni malaria. Wanacho wao ni dengi, kwa hiyo mpaka mpimwe mtu asimeze diclofenac wala aspirini, panadol peke yake na maji mengi, na hapa nakukumbusha kwa sababu najua diclofenac ndo itakuwa kwenye mkoba wa mama kwa ajili ya magoti. Tumbo likiuma sana, akitapika mfululizo, au fizi zikitoa damu, ni hospitali usiku huohuo, mlima utasubiri.